Namna ya Kutuma Kifurushi Ndani ya Nchi Baada ya Kutua Uwanja wa Ndege Usiku wa Manane

Mwongozo huu ni kwa msafiri anayetua na ndege ya kimataifa usiku wa manane akiwa na kifurushi ambacho mwenyewe yuko mji mwingine wa nchi hiyohiyo. Maswali yanayoulizwa na wanaofanya jambo hili kwa mara ya kwanza hayabadiliki: je, uwanjani patakuwa na dirisha la posta lililo wazi saa hizo, je, inafaa kumkabidhi dereva aliyepo nje ya ukumbi, je, forodha watauliza nini, na je, mzigo utafika lini? Majibu yote yanaegemea jambo moja ambalo mgeni wa shughuli hii hupenda kuliruka: usiku ni wa kukagua, kufungasha na kuandika, na asubuhi ndiyo ya kutuma. Vifurushi vingi vinavyopotea au kuharibika katika mazingira haya huponzwa na pupa ya mtu aliyechoka, anayetaka mzigo umtoke mikononi kabla hajalala.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Tayarisha vitu hivi kabla ya kupanda ndege, kwa kuwa vingi havipatikani usiku:

- Jina kamili la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, namba zake mbili za simu, na maelezo ya mahali alipo, yote yakiwa yameandikwa kwenye karatasi. Simu inaweza kuzima chaji au kukosa mtandao wakati ule ule unapoihitaji.
- Orodha ya vilivyomo pamoja na thamani ya kila kimoja, na stakabadhi za ununuzi kama zipo.
- Pasipoti au kitambulisho chako, kwa sababu wasafirishaji wengi hawapokei mzigo kwa mtumaji asiyejulikana.
- Utepe mpana wa kufungashia, kalamu ya wino mzito usiofutika, mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na vitu vya kujazia nafasi ndani ya boksi. Mkasi au kisu uweke kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwa maana ukiuweka kwenye mkoba wa mkononi unaweza kunyang'anywa kwenye ukaguzi.
- Fedha za nchi unayofikia au njia nyingine ya malipo inayokubalika humo, kwa kuwa huwezi kutegemea kwamba duka la kubadilishia fedha litakuwa wazi.

Hatua za kufuata

1. Fungua kifurushi na ukikague kabla ya safari.

Ukipewa boksi lililokwisha kufungwa, omba ruhusa ya kulifungua mbele ya aliyekupa, akikataa, usilibebe. Mbele ya maafisa wa usalama na wa forodha, mzigo ulio mikononi mwako ni wako, na maneno ya kwamba ni wa mtu mwingine hayakuondolei wajibu. Toa kila kitu nje, tazama ndani ya viatu, mifuko ya nguo na makopo, kisha piga picha za vitu vyote vikiwa vimepangwa mezani. Picha hizo zitakufaa mara mbili: forodha wakitaka kujua kilichomo, na baadaye iwapo mpokeaji atasema kuna kilichopungua.

Hapa ndipo pa kutenga vitu vinavyoruhusiwa kwenye ndege yako lakini vinavyoweza kukataliwa na msafirishaji wa ndani. Manukato ni mfano wa wazi, kwa kuwa yana alkoholi na huhesabiwa kuwa kimiminika kinachowaka. Vivyo hivyo makopo ya kupulizia, rangi za kucha, viberiti na betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa. Pawabenki, yaani betri ya akiba ya kuchajia simu, kwa kanuni za usafiri wa anga, husafiri kwenye mkoba wa mkononi tu na si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, na kikomo cha kawaida bila kuomba kibali cha shirika la ndege ni wati-saa 100. Kama kifaa kimeandikwa miliampia-saa peke yake, zidisha kwa volti kisha ugawe kwa 1,000: pawabenki ya miliampia-saa 20,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 74. Ukitua nayo salama, bado uliza kama msafirishaji wa ndani anaipokea, hasa iwapo mzigo utapandishwa ndege tena.

2. Hesabu siku ya kutuma, si siku ya kutua.

Ndege inayotua saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi huandikwa kwenye tiketi kuwa 00:30 ya Jumamosi, na watu wengi humwambia mpokeaji siku isiyo sahihi kwa sababu hiyo. Baada ya kutua, ongeza muda wa uhamiaji, wa kusubiri mizigo na wa forodha, ambao kwa pamoja unaweza kupita saa moja hata pasipo tatizo. Kisha angalia kama siku inayofuata ni ya kazi. Anayetua Jumamosi usiku anaweza kukuta ofisi zimefungwa hadi Jumatatu, na sikukuu ikiangukia hapo, mzigo unasogea mbele zaidi. Mwambie mpokeaji siku ya mbali kuliko unavyotarajia, ili asiache shughuli zake kukaa akingoja simu.

3. Kagua mzigo kabla ya kutoka kwenye ukumbi wa mizigo.

Usiondoke kwenye mkanda wa mizigo bila kuangalia kama boksi limepasuka, limelowa au limefunguliwa. Kama lina kasoro, au halijafika kabisa, nenda kwenye dawati la shirika la ndege lililomo humohumo ukumbini, ujaze taarifa ya mzigo, na uondoke na nakala yenye namba ya kumbukumbu. Kwa safari za kimataifa zinazoongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika yanapaswa kuwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwako. Ni kweli kwamba bado unaweza kuandika kesho, lakini ni vigumu zaidi kuthibitisha uharibifu baada ya kutoka nje, na uharibifu usioripotiwa hapo unaweza kuhesabiwa umetokea mikononi mwako au mwa msafirishaji wa ndani.

4. Tangaza kwa forodha kinachostahili kutangazwa.

Nchi nyingi hutoa msamaha wa ushuru kwa vitu vya matumizi binafsi na zawadi, hadi kiwango fulani cha thamani au idadi, na hazitoi msamaha huo kwa bidhaa za kuuza. Simu moja yenye stakabadhi haitazamwi kama simu tano mpya ndani ya maboksi yake. Palipo na njia ya kijani ya wasio na cha kutangaza na njia nyekundu ya walio nacho, na huna uhakika uko upande gani, pita njia nyekundu ueleze waziwazi kwamba umembebea mtu mwingine na orodha ndiyo hii. Kutangaza kitu kisichotozwa hakukugharimu ila dakika chache, ilhali kupita njia ya kijani na kitu kinachotozwa kunaweza kukuletea faini au kutaifishwa kwa mzigo. Ukilipa ushuru, tunza stakabadhi na umtumie mpokeaji picha yake usiku huohuo, ili suala la nani amrudishie nani fedha lisije likazua maneno baadaye.

Dawa zibaki kwenye vifungashio vyake vya asili pamoja na cheti cha daktari chenye jina la mgonjwa. Vyakula, mbegu, mimea na bidhaa za wanyama hukaguliwa na idara nyingine mbali na forodha, na mara nyingi hutakiwa kuwa na kibali kilichotolewa kabla ya safari.

5. Usimkabidhi mtu yeyote kifurushi nje ya ukumbi wa kuwasili.

Ukitoka nje saa saba au saa nane za usiku, utakutana na watu wanaojitolea kukupelekea mzigo popote pale. Yawezekana wapo waaminifu, lakini huna njia ya kuwatambua, nao hawana stakabadhi ya kukupa. Kipimo ni chepesi: kama anayepokea hawezi kukupa karatasi au ujumbe wenye jina la kampuni, namba ya mzigo, na jina la mpokeaji, huo si utumaji. Hata jamaa wa mpokeaji akija kuuchukua, mpigie mpokeaji simu mbele yake na upige picha ya makabidhiano.

Kama uwanja una kaunta ya vifurushi inayofanya kazi usiku, itumie tu iwapo mzigo umeshafungashwa vizuri na maelezo yako yamekamilika. Mzigo uliopokelewa saa nane usiku haufiki mapema kuliko uliopokelewa asubuhi ikiwa gari au ndege inayouchukua ni ileile. Uliza swali moja: kinachofuata kinaondoka saa ngapi, na mwisho wa kupokea mizigo yake ni saa ngapi?

6. Fungasha upya mahali penye utulivu.

Boksi lililokaa vizuri ndani ya sanduku la nguo halitahimili kutupwa, kubanwa na kurundikiwa mizigo mingine likiwa peke yake. Tumia boksi la karatasi ngumu yenye mawimbi ndani yake, lisilo na kona zilizolegea. Kila kitu kinachoweza kuvunjika kifungwe peke yake, kisha acha nafasi ya kama sentimita 5 kati yake na kuta za boksi, nafasi hiyo ukiijaza karatasi zilizokunjwakunjwa, nguo, au plastiki ya mapovu. Vizito viwekwe chini. Vimiminika vinavyoruhusiwa vifungwe mdomo kwa utepe, vitiwe kwenye mfuko wa plastiki, kisha visimamishwe wima.

Ukimaliza, funika boksi na ulitikise. Ukisikia kitu kinacheza, fungua uongeze vya kujazia; usijidanganye kwamba utepe utakishikilia. Funga utepe kwenye mshono wa katikati, juu na chini, kisha kwenye mishono miwili ya pembeni, kwa kuwa boksi lililofungwa katikati pekee hufumuka pembeni linapobanwa. Ng'oa au funika lebo zote za shirika la ndege na mistari myeusi ya kusomwa na mashine iliyobaki kwenye boksi. Kosa hili dogo limepeleka mizigo mingi kusikotakiwa, kwa sababu mashine husoma lebo yoyote inayoiona.

Ndani ya boksi, juu ya vitu vyote, weka karatasi yenye jina na simu ya mpokeaji na zako. Lebo ya nje ikibanduka, karatasi hiyo ndiyo itakayoeleza mzigo ni wa nani.

7. Pima uzito na ukubwa.

Wasafirishaji wengi hutoza kwa uzito ulio mkubwa kati ya uzito halisi na uzito wa ujazo. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa namba ya msafirishaji, ambayo mara nyingi ni 5,000. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 20 lina ujazo wa 24,000. Ukigawa kwa 5,000 unapata kilo 4.8. Hata kama lina kilo 2 tu za nguo, utalipia kilo 4.8 au hata 5. Kwa hiyo, boksi linalotosha bila nafasi ya bure ni nafuu kuliko kubwa, mradi vitu vya kuvunjika vipate kinga yake.

8. Andika anwani inayoweza kufuatwa na mtu asiyewajua ninyi wawili.

Andika jina kamili, simu mbili, mtaa, namba ya nyumba au jengo, mji, na msimbo wa posta pale unapotumika. Kama mtaa hauna namba, taja jengo la umma lililo karibu na upande wa barabara. Maelezo ya kwamba "ukifika hapo ulizia tu" hayamsaidii mjumbe mwenye mizigo mingi ya siku hiyo. Anwani ya mtumaji nayo iwe ya mahali utakapokuwepo wiki inayofuata. Msafiri anayeandika anwani ya hoteli atakayoihama kesho yake amejinyima njia ya kurudishiwa mzigo.

9. Chagua njia kulingana na kilichomo.

Hapa watu huangalia bei kwanza, na ningependa waangalie kwanza hasara itakayopatikana mzigo usipofika. Vyeti vya shule, hati za ardhi, na nyaraka za aina hiyo zinastahili huduma yenye saini ya mpokeaji na namba ya ufuatiliaji, hata kama ni ghali, kwa kuwa hakuna fidia inayoweza kuzirudisha. Nguo na viatu vinaweza kwenda kwa posta ya kawaida. Basi la abiria linalopokea vifurushi linafaa pale mpokeaji anapoweza kufika kituoni mwenyewe, kwa sababu mzigo huishia ofisini kwao na haufiki mlangoni. Mjumbe wa pikipiki anafaa ndani ya mji mmoja tu, na kupitia kampuni inayoonyesha safari yake.

Dawa zinazohitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, insulini ambayo haijaanza kutumika ikiwa mojawapo, hazipaswi kuingia kwenye kifurushi cha kawaida kabisa. Zihifadhi kwenye jokofu unapolala, si kwenye sehemu ya kugandishia barafu, kisha tafuta msafirishaji anayethibitisha kwa maandishi kwamba ana huduma ya ubaridi, la sivyo mpokeaji amtume mtu kuzifuata. Kuna mgonjwa anayengoja upande wa pili, na dawa iliyoharibika kwa joto inaweza kuonekana kwa macho kuwa nzima.

Fedha taslimu na pasipoti za watu usizifiche ndani ya kifurushi. Wasafirishaji wengi hawazipokei, na zikipotea hawalipi.

10. Kabidhi mzigo, na usiondoke bila kusoma stakabadhi.

Fika mapema asubuhi, kabla ya saa ya mwisho ya kupokea mizigo ya siku hiyo. Taja thamani ya kweli, kwa kuwa ukiipunguza ili ulipe kidogo, fidia nayo itaishia hapohapo. Uliza kama bima imo kwenye nauli au inalipiwa mbali. Kisha soma stakabadhi palepale kaunta: jina, simu, mji, uzito, na kama malipo ni ya mtumaji au ya mpokeaji. Tarakimu moja ya simu ikikosewa inaweza kuuchelewesha mzigo siku kadhaa, na kuirekebisha kabla mzigo haujaondoka ni kazi ya dakika moja.

11. Mjulishe mpokeaji na ufuatilie.

Mtumie picha ya stakabadhi, picha ya boksi lililofungwa, na namba ya ufuatiliaji. Kama kuna namba ya siri ya kuchukulia mzigo, mpe yeye peke yake, na umweleze asiitaje kwa anayempigia simu akidai ni mfanyakazi wa kampuni. Namba hiyo hutolewa mzigo ukiwa mbele ya macho yake.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

Unaunganisha ndege nyingine alfajiri na ofisi zitakuwa bado zimefungwa. Tafuta hifadhi ya mizigo iliyo rasmi uwanjani, uache kifurushi humo na umpe mtu unayemwamini stakabadhi ya kukichukulia, baada ya kuuliza kama hifadhi hiyo inaruhusu mtu mwingine akichukue. Ikiwa hairuhusu, ni afadhali uendelee nacho na ukitume kutoka mji unaofikia, ambako huenda ukawa karibu zaidi na mpokeaji.

Kaunta imekataa baadhi ya vitu. Usibishane wala usivifiche chini ya vingine. Vitoe, funga boksi upya, rekebisha orodha, na umwambie mpokeaji kabla mzigo haujaondoka kwamba vitu hivyo vimebaki kwako.

Namba ya ufuatiliaji haionyeshi chochote. Subiri hadi mwisho wa siku ya kazi, kwa kuwa mizigo mingi huingizwa kwenye mfumo ikifika kituo cha kuchambulia. Kisha hakiki ulivyoiandika. Namba za kimataifa za posta, kwa kiwango cha Umoja wa Posta Duniani, zina alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi, kwa hiyo kama umeandika herufi O katikati, hapo panatakiwa sifuri.

Mpokeaji hapatikani na mzigo umekwama ofisini. Uliza utatunzwa kwa siku ngapi kabla ya kurudishwa, na kama kuna ada ya kuhifadhi kwa kila siku. Omba kwa maandishi kubadilisha jina la mchukuaji, ukiambatanisha nakala ya kitambulisho chako na namba ya stakabadhi.

Mzigo umefika ukiwa umepasuka. Mpokeaji aupige picha pande zote kabla ya kuufungua, kisha aufungue mbele ya mjumbe ikiwezekana, na aandike kasoro kwenye karatasi ya mapokezi kabla ya kutia saini. Asitupe boksi wala vifungashio, kwa sababu msafirishaji anaweza kutaka kuvikagua kabla ya kukubali madai. Wewe uliyetuma ndiye mwenye mkataba na kampuni mara nyingi, kwa hiyo wasilisha madai mwenyewe siku hiyohiyo, ukiambatanisha stakabadhi ya kutuma, orodha yenye thamani, na zile picha ulizopiga vitu vikiwa mezani.